Sema 'Paka' Bila 'P'

Sema 'samaki'. Sasa sema tena, lakini usitaje 'sa'. Mtoto wa miaka mitano atafikiri kidogo, atacheka, atasema 'maki'. Haya, sema 'paka'. Sema tena, lakini uiache ile sauti ya mwanzo, 'p'. Hapo watoto wengi wa umri huo hunyamaza. Wengine husema 'ka'. Wachache husema 'aka', na hao wachache, ukiwafuatilia hadi darasa la pili, mara nyingi ndio wanaosoma bila kusukumwa.

Maswali ya namna hii huulizwa na watu wanaotafuta sababu ya mtoto kushindwa kusoma. Yanaonekana mepesi, kama vitendawili vya jioni, na ndiyo maana wengi hawaioni kazi iliyofanyika kuyatunga. Mimi nayaweka miongoni mwa vitu vilivyochongwa kwa uangalifu mkubwa katika elimu ya mtoto, na sijaona vikisifiwa vya kutosha kwa Kiswahili. Kila neno limechaguliwa na jingine likaachwa. Kila sauti imewekwa mahali pake ili mtoto akikosea, kosa lake liseme jambo moja tu, si matano.

Ugumu unaanzia kwenye sauti zenyewe. Tukiandika 'paka' tunaweka herufi nne zilizotengana, basi tunadhani na mdomo umetoa vipande vinne. Haukutoa. Midomo ikiwa bado imefungwa kwa ajili ya 'p', ulimi umekwisha kujipanga kwa ajili ya 'a', na sauti zote mbili zinatoka zimeingiana. Maziwa yakishaingia kwenye chai, huwezi kuyanyooshea kidole. Katika maabara ya Haskins huko Marekani, Alvin Liberman na wenzake walilijua hili kwa taabu. Walikuwa wakitafuta mashine ya kuwasomea vipofu, wakatarajia kupanga sauti mojamoja kama zinavyopangwa herufi, wakakuta usemi haukatiki hivyo. Kwa hiyo ukimwambia mtoto aondoe 'p' kwenye 'paka', unamtaka afanye kazi ambayo sikio peke yake haliiwezi. Lazima akili yake ijifunze kuwaza sauti ambayo haijawahi kuisikia ikiwa peke yake.

Mke wa Alvin, Isabelle Liberman, ndiye aliyeigeuza hoja hiyo kuwa mchezo wa mtoto. Mwaka 1974 yeye na wenzake walichapisha jaribio ambalo hadi leo nalipenda kwa uchache wa vifaa vyake. Mtoto alipewa kijiti cha mbao. Akisikia neno, agonge meza mara moja kwa kila kipande. Kundi moja liligonga silabi, jingine likagonga sauti mojamoja. Watoto wa miaka minne, karibu nusu yao waliweza silabi, na hakuna hata mmoja aliyeweza sauti. Wa miaka mitano, bado karibu nusu kwa silabi, na 17 katika kila 100 kwa sauti. Mwishoni mwa darasa la kwanza, 90 katika 100 waliweza silabi na 70 waliweza sauti.

Tazama kijiti hicho. Mtoto angeambiwa ataje idadi, jaribio lingepima hesabu. Angeambiwa atamke vipande, mwenye haya na mwenye kigugumizi wangeonekana hawajui. Kijiti kimeondoa hesabu, kimeondoa haya, kimebakiza kinachotafutwa. Ufundi wote wa kupima usikivu wa sauti uko hapo: kuondoa kila kisichohitajika bila kukigusa kinachohitajika.

Msomaji wa Kiswahili hatashangaa kusikia kwamba silabi hutangulia. Ushairi wetu umejengwa juu yake. Mtunzi wa tarbia anayeweka mizani 16 katika kila mshororo, nane ukwapi na nane utao, huzihesabu kwa sikio, na wapo waliozihesabu barabara bila kukanyaga shule. Watoto wa pwani wana mchezo wa kinyume, wa kuhamisha silabi ya mwisho ikaja mbele, 'samaki' ikawa 'kisama', wakasema siri zao mbele ya wakubwa. Na darasani tumefundishwa ba, be, bi, bo, bu, mpaka tukaziimba. Kwa silabi, mtoto wetu amefika mbali kabla hajashika kitabu.

Wepesi huo una mtego wake, na fundi mzuri anaujua. Mtoto anaweza kuwa bingwa wa kinyume na bado asijue kwamba ndani ya 'ba' kuna vitu viwili. Tena hata silabi zetu si sahili kama tunavyojisifu. Sema 'mtu mbaya', kisha 'nyumba mbaya'. Katika neno la kwanza 'm' inasimama peke yake na ina mizani yake: m-ba-ya, tatu. Katika la pili imeshikana na 'b': mba-ya, mbili. Maandishi ni yaleyale. Mtunga kipimo asiyelisikia hilo atampa mtoto alama ya kosa kwa jibu sahihi. Na hizi 'mb', 'nd' na 'ng' ndizo zinazowasumbua waandishi wachanga. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza uandishi wa watoto wa Tanzania na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003 na 2007, walionyesha kwamba kujifunza kuandika lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa si jambo dogo, na konsonanti zinazofuatana zilistahili utafiti wake peke yake.

Sasa tujaribu kutunga swali moja wenyewe, tuone jasho lake. Tunataka kujua kama mtoto husikia sauti ya mwanzo wa neno. Tutamtajia maneno manne, matatu yaanze kwa sauti moja, naye ataje lisilohusika. Jaribio la kwanza: mama, maji, paka, mate. Halifai, kwa sababu matatu yale yameanza kwa silabi nzima 'ma', na mtoto atajibu kwa silabi bila kuifikia konsonanti. Tubadilishe irabu: meza, moto, paka, mume. Hapa afadhali, lakini paka ndiye mnyama pekee. Mtoto atamtoa kwa maana, tutamsifu kwa usikivu ambao hakuutumia. Basi: meza, moto, kiti, mume. Sasa maana inavuta upande mwingine, maana meza na kiti ni ndugu. Anayesikiliza maana atawaweka pamoja, anayesikiliza sauti atakitoa kiti. Tumepata swali? Karibu. Limebaki tatizo la kukumbuka maneno manne kwa mpigo, na mwenye kumbukumbu hafifu atashindwa hata kama sikio lake ni zima. Tutaweka picha nne mezani. Na tusije tukateleza tukaingiza 'mtu' katika orodha hiyo, maana 'm' yake ni ya namna nyingine kabisa. Hilo ni swali moja. Kipimo kinataka kadhaa, na kila moja lipite tundu hilohilo.

Lynette Bradley na Peter Bryant, huko Oxford, walitumia mchezo wa namna hii kwa watoto zaidi ya 400 wa miaka minne na mitano ambao hawajaanza kusoma, wakawafuata kwa miaka kadhaa. Waliokuwa hodari wa kutenga sauti walikuja kuwa wasomaji na waandishi wazuri zaidi. Wangeishia hapo, mtu angesema kwamba huenda ni akili tu au malezi. Hawakuishia hapo. Waliwachukua 65 kati ya watoto waliokuwa dhaifu wakawagawa. Kundi moja lilifundishwa kupanga picha kwa sauti. La pili lilipanga kwa sauti, kisha likaongezewa herufi za plastiki. La tatu lilipanga picha zilezile kwa maana. La nne halikufundishwa lolote. Kundi hilo la tatu ndilo linalonivutia. Lilipata muda uleule, mwalimu yuleyule, upendo uleule, isipokuwa sauti. Waliosonga mbele zaidi ni wale waliopata sauti pamoja na herufi. Matokeo yalitoka mwaka 1983, na hadi leo ni vigumu kupata jaribio la elimu lililofungwa milango vizuri kuliko hilo.

Lilihitajika lifungwe hivyo kwa sababu mwaka 1979 José Morais na wenzake walikuwa wameleta habari ya kutatiza kutoka Ureno. Waliwaendea watu wazima wa vijijini ambao hawakusoma kamwe, wakawataka waondoe au waongeze sauti mwanzoni mwa neno. Wengi walishindwa. Wenzao wa maeneo yaleyale, waliojifunza kusoma ukubwani, waliweza vizuri zaidi. Maana yake usikivu wa sauti huzaa kusoma, na kusoma nako huzaa usikivu wa sauti. Mtoto anayeshindwa kuondoa 'p' huenda ana tatizo, na huenda hajafundishwa tu. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi asiyesoma vizuri halinganishwi na wenzake wa miaka kumi pekee. Hulinganishwa pia na mtoto wa miaka saba anayesoma kiasi kilekile. Akiwa nyuma hata ya huyo mdogo katika kutenga sauti, hapo kuna jambo. Kati ya mbinu zote za kazi hii, hiyo ndiyo ninayoiona ya haki zaidi kwa mtoto.

Nije kwenye maneno ya kubuni, ambako ufundi huu unakaribia utunzi. Ukimpa mtoto asome 'kitabu', hujui kama amesoma au ameikumbuka sura ya neno. Mpe 'lufedo'. Hajawahi kuliona, hana pa kukumbukia, lazima aunganishe herufi na sauti mojamoja. Ukitaka kupima kumbukumbu ya sauti bila kusoma, mtamkie alirudie. Susan Gathercole na Alan Baddeley waliwatungia watoto wa Kiingereza kipimo chenye maneno 40 ya namna hiyo, kumi ya silabi mbili, kumi ya silabi tatu, kumi ya silabi nne na kumi ya silabi tano, ili ionekane ni urefu gani unaomwelemea mtoto.

Kuyabuni kwa Kiswahili ni shughuli. Neno liishie irabu, liwe na mwendo wa Kiswahili, kisha lisiwe na maana yoyote, katika lugha ambayo karibu kila silabi inaweza kuwa kiambishi. 'Kupola' litasikika kama kitenzi. 'Watefu' watasikika kama watu. 'Sopekumi' limeficha kumi ndani yake. Na urefu nao si uleule: mtoto anayesikia 'wanaotutafutia' nyumbani, silabi nane, hatatishwa na silabi tano. Fundi hukaa na orodha ndefu akifuta, akiwatamkia wenzake, akifuta tena, mpaka yabaki machache kama 'dofenuga' na 'gipodelasu', ambayo yanasikika kama maneno ya mji fulani ambao mtu hajaufika.

Halafu aje wa kusahihisha. Mtoto anayesema 'kura' kwa 'kula', au 'samani' kwa 'thamani', huenda anatamka kama wanavyotamka nyumbani kwao. Msahihishaji mzuri huanza kwa mazungumzo mafupi, aijue lafudhi ya mtoto kwanza, ndipo aanze kuhesabu makosa. Hatikisi kichwa, hatabasamu zaidi kwa jibu sahihi, hakunji uso kwa lililokosewa. Husema kila neno mara moja kwa mwendo uleule. Mtoto akikosa mfululizo, husimama kabla mtoto hajavunjika moyo. Na kabla ya yote hayo huhakikisha masikio yenyewe yamepimwa hospitali, maana usaha wa sikio usiotibiwa unaweza kujifanya tatizo la kusoma.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakina swali lolote. Martha Denckla na Rita Rudel walikichapisha mwaka 1976: kadi yenye vitu 50, vitano tu vikirudiwa kumi kumi bila mpangilio, na mtoto avitaje vyote haraka awezavyo huku saa ikienda. Mwepesi wa kutaja mara nyingi huwa mwepesi wa kusoma pia. Rangi za Kiswahili hazifai sana hapa, kwani mmoja atasema buluu na mwingine samawati, na 'zambarau' ni ndefu kuliko 'njano'. Tarakimu ni bora: moja, mbili, tatu, sita, nane, silabi mbilimbili zote. Maryanne Wolf na Patricia Bowers walidai mwaka 1999 kwamba wasomaji dhaifu wengine wana upungufu wa kutenga sauti, wengine wa kasi ya kutaja, na walioelemewa zaidi ni wenye yote mawili. Ubishi juu ya dai hilo haujaisha, lakini kadi ile bado inatumika.

Aina za matatizo ndizo zinazoonyesha thamani ya vipimo hivi. Kwa Kiingereza kuna njia rahisi ya kuzitenganisha. Anne Castles na Max Coltheart, mwaka 1993, waliwapima wavulana 53 wenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma, kwa maneno ya kubuni na kwa maneno yasiyofuata kanuni, kama 'yacht', ambalo hutamkwa 'yoti'. Baadhi walishindwa hasa na ya kubuni: sauti ndizo zinazowapinga. Wengine waliyasoma ya kubuni vizuri, wakashindwa na akina 'yacht': wanasoma kila neno kama wanaliona leo. Baadaye watafiti wengine waliwalinganisha watoto wa kundi hili la pili na wasomaji wadogo wa kiwango kilekile, wakaona wengi wao wanafanana nao, kama watu waliochelewa tu. Wale wa kundi la kwanza hawakufanana nao.

Sisi hatuna akina 'yacht'. Neno la Kiswahili lisilotamkika kama lilivyoandikwa ni la kutafutwa kwa tochi. Kifaa hicho basi kimetutoka mkononi, na anayetafsiri kipimo cha Kiingereza hubaki ameshika nusu ya mkasi. Jibu liko Austria. Heinz Wimmer aliwapima watoto wanaosoma Kijerumani, lugha ambayo nayo huandikwa kwa utaratibu, akaripoti mwaka 1993 kwamba wenye disleksia walisoma maneno mengi kwa usahihi, hata ya kubuni, lakini polepole mno. Na waliosoma polepole walikuwa wazito pia wa kutaja tarakimu. Mtoto wa Kiswahili mwenye shida hiyo atasoma 'wa… na… ku… ja', asikosee hata moja. Mwalimu anayehesabu makosa atampa vema zote. Hapa saa ndiyo kipimo. Sekunde ndizo zitakazomtaja.

Na kuna mtoto ambaye hata saa haitamkamata. Anasoma haraka, anatamka vizuri, anaondoa 'p' bila shida, ukimuuliza amesoma nini anakutazama. Philip Gough na William Tunmer walieleza mwaka 1986 kwamba kusoma ni zao la vitu viwili, kutambua maneno na kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, zao lote ni sifuri. Mtu wa pwani analijua hilo tangu chuoni: mtoto anaweza kusoma Kurani kwa ufasaha, irabu juu na chini zikimwongoza, kabla hajajua Kiarabu. Pale hilo ni hatua inayokubalika ya safari. Darasani, kwa Kiswahili ambacho si lugha ya nyumbani kwa mtoto, hupita bila kuonekana, maana maandishi yetu humruhusu atamke kila kitu asichokielewa. Kate Nation na Margaret Snowling wamewachunguza watoto wa namna hii Uingereza kwa makini, wakaona sauti zao ni timamu. Kumfundisha huyu kutenga sauti ni kumpotezea muda. Anahitaji hadithi, mazungumzo na msamiati.

Watoto watatu, basi, wanaweza kupata alama moja ya kusoma: mmoja hatengi sauti, mmoja anatenga lakini ni mzito, mmoja hana tatizo la sauti hata kidogo. Alama moja ya mtihani haiwezi kuwatofautisha. Dakika 20 za maswali yaliyotungwa vizuri zinaweza.

Kipimo cha Kiingereza kikitafsiriwa kinabaki cha Kiingereza. Cha Kiswahili hakina budi kutungwa na watu wenye sikio la Kiswahili, na watu hao tunao: walimu wa darasa la kwanza, wanaisimu, na watunzi wa mashairi ambao wamekuwa wakipima mizani maisha yao yote bila kudhani kwamba kuna mtoto asiyesoma anayewahitaji. Vyuo vya ualimu viwaite meza moja. Watunge maneno 40 ya kubuni, wayatamkie watoto wa Tanga, wa Kisumu na wa Bukavu, wafute yasiyofaa, wapime kwa saa, kisha wawape walimu bure. Waanze na yale ya silabi tatu.